Niliwaambia Maji Yanausafisha Moshi

Mchesi, Lilongwe

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Amani ikukute wewe na wote wa nyumbani Kindu. Goti lako linaendeleaje? Na mvua, imeacha kuingia upande wa jikoni? Mimi ninazo nguvu za kuandika, ila nina neno la aibu, na kwa simu ningelikatia njiani.

Nilikuambia kwamba tangu nitoke kambi ya wakimbizi ya Dzaleka napika hotelini. Si kweli. Nilikuwa naandaa shisha katika klabu moja hapa mjini. Kazi yenyewe ni hivi: unatia maji kwenye chupa ya chini, unapanga ile tumbaku tamu, unaweka kaa la moto juu, halafu unavuta wewe kwanza mpaka moshi uje. Ukishakuja, unapangusa mdomo wa mpira wa kuvutia kwa kiganja na kumpa mteja. Meza moja watu watano, mpira mmoja.

Wateja walipouliza kama shisha ina madhara, niliwajibu, "Moshi unapita majini, unaoshwa." Mimi niliyelelewa kwa kutawadha niliamini hakuna uchafu unaoyashinda maji. Furaha, binti wa Uvira anayesuka nywele hapa Mchesi, alikuwa akija na wenzake na kunitania: "Anko, kama hujavuta we, mi sivuti. Mapafu yako njo ya kuonjea."

Nikaanza kukohoa. Yaya, kikohozi kile nilikijua. Ndicho kilichomwondoa mke wangu Mwamini. Nilikusimulia alivyofunga uzi mwekundu kwenye kikombe chake, mtoto wetu asije akakinywea. Nami kwa wiki sita niliendelea kuwawashia watu kwa mdomo wangu, nikisema ni vumbi.

Hospitali wakaniambia ni kifua kikuu. Muuguzi aliuliza kazi yangu, nikamweleza. Akasema maji yale hayaoshi kitu. Moshi una sumu yake, na mpira wa kupokezana hupitisha magonjwa. Akataka kujua nimekaa karibu na nani. Binti yangu, aliyeko Dzaleka kwa jirani, amepimwa na ni mzima. Wateja wengi siwajui hata majina. Tajiri wa klabu nilipomwambia, alinifukuza akaweka mwingine. Furaha namjua, nikaenda saluni kwake.

Aliacha kusuka. "Na ulijua unakohoa, Anko?"

"Nilijua."

"Mi niko na mtoto ananyonya."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimwomba mteja radhi, akambeba mtoto mgongoni, tukaenda hospitali, yeye mbele, mimi nyuma.

Majibu yao yatatoka Jumatatu. Mimi nakunywa dawa, usihangaike.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo anayeuza mawese sokoni. Waambie ukweli wote, nimechoka kusifiwa upishi. Ukisali, anza na Furaha na mtoto wake. Mimi niweke mwisho.

Mdogo wako,
Ramazani