Treni Iliyokaa Stesheni

Mtaa wa nyuma ya soko,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Kiduchu,

U hali gani huko uliko? Kikohozi kimekuachia? Mama mdogo aliniambia kwenye simu kwamba bado unalala dirisha wazi, kana kwamba mapafu umeyakodi. Funga dirisha, tafadhali. Sisi huku tu wazima. Mguu wa shemeji yako umepona na amerudi kazini. Anachechemea tu akitaka kuhurumiwa. Mpwa wako ameng'oka meno ya mbele, na sasa akitaja shule anapiga mluzi bila kukusudia.

Barua yako ilinifikia zamani, na kimya changu hakikutokana na kazi nyingi. Kila nilipoketi kukujibu niliiweka kalamu chini, maana maneno yako yalinisuta. Unataka gemu yako ya kwanza iwe mji mzima wenye maelfu ya watu, kila mmoja na kazi yake, ndoa yake na siri zake, na mchezaji aweze kuingia nyumba yoyote aitakayo. Halafu ukaandika, "Si wewe dada uliyeniambia niote ndoto kubwa?"

Ni mimi. Nilikuambia hivyo mwaka jana, uliponipigia simu nikiwa nimelewa furaha ya gemu yangu mwenyewe. Nilikujaza upepo, kisha sikukupigia tena kukueleza yaliyofuata. Naona aibu, lakini leo nakueleza.

Ile gemu, kama unakumbuka, ilikuwa ya treni. Ingevuka nchi nzima ya kubuni, stesheni arobaini, na kila abiria angekuwa na kumbukumbu zake. Ukimkanyaga mguu mwanzoni mwa safari, angekununia mpaka mwisho. Mchana niliandika programu za ofisi ya maji, jioni nikawa na treni yangu. Picha alichora wifi yangu, dada mdogo wa shemeji yako, ambaye hujawahi kumwona. Wakati huo alikuwa mchora mabango ya maduka. Akichora kikombe cha chai, unaogopa kuungua.

Nilimwambia kwamba mwaka wa shule ukiisha, gemu itakuwa mikononi mwa watu. Akaaga kwenye duka la mabango. Sikumwomba aache kazi. Nilimpigia makofi tu alipoacha, na hilo halinipi pa kujificha.

Wifi alichora stesheni moja baada ya nyingine: dirisha la tiketi lenye ufa, paka aliyelala juu ya mizani ya mizigo, benchi lililochubuliwa na makalio ya watu wa miaka mingi. Mimi nilikuwa naongeza mambo. Niliongeza mvua. Kwa kuwa kuna mvua, nikaongeza tope, na kwa kuwa kuna tope, nikaongeza viatu vinavyochafuka. Kila nilipokwama kwenye jambo gumu nilibuni jipya lililo rahisi, nikajiona nachapa kazi. Jambo gumu lenyewe lilikuwa treni. Haikutembea. Nikiilazimisha, mabehewa yaliachana kwenye kona ya kwanza kama ndugu waliogombea urithi.

Siku moja mama mkwe alikuja kututembelea, akaomba aone kinachomkosesha binti yake usingizi. Tukamketisha mbele ya kompyuta. Alivaa miwani, akashika kipanya kwa vidole viwili kama kitu kitakachouma. Akazunguka stesheni, akasifu paka, akapanda behewa, akakaa. Sisi tulisimama nyuma yake. Akangoja, kisha akauliza bila kejeli yoyote, "Inaondoka saa ngapi?"

Wifi alicheka. Mimi nikasema, "Bado kidogo, mama."

Aliendelea kukaa ndani ya behewa lile kwa adabu tu, halafu akavua miwani na kuuliza kama chai iko tayari.

Siku ile ndipo nilipojua kwamba stesheni arobaini hazitakuwepo, na kwamba nikibahatika nitapata moja. Nikaanza upya kimyakimya: stesheni moja, treni moja, na abiria mmoja aliyepoteza begi. Umsaidie kulipata kabla ya treni kuondoka. Badala ya picha niliweka maboksi ya kijivu. Boksi kubwa ndilo treni, boksi dogo abiria, na boksi dogo zaidi begi. Likaenda. Niliwapa wenzangu ofisini waicheze wakati wa chakula, na mhasibu wetu, mtu asiyecheka hovyo, alilikosa begi akataka kurudia. Tangu nianze sikuwahi kuona kitu changu kikifanya kazi namna ile.

Kiduchu, hapo ningekuwa nimetenda jema, lau ningemwambia wifi. Sikumwambia. Alikuja jioni ameshika stesheni mpya kwapani, akaitandaza mezani, akaningoja niseme neno, nami nikasema, "Nzuri mno." Juma lililofuata akaleta nyingine. Nzuri mno. Nilijidanganya kwamba natafuta siku njema ya kumweleza. Ukweli ni kwamba niliupenda ule uso wake akisifiwa, na niliogopa uso mwingine.

Shemeji yako ndiye aliyemwaga mtama, akidhani kila mtu anajua. Tulikuwa mezani sote, akamuuliza dada yake, "Kwani katika zote mmebakiza stesheni ipi?" Wifi aliweka kijiko chini taratibu. Alimaliza maji yake, akaaga, akaondoka.

Baadaye nikasikia amerudi kwenye duka la mabango, ila nafasi yake ya kuandika herufi alikuwa ameshapewa mwingine. Yeye sasa anaosha brashi na kupaka rangi ya chini. Nilijikaza nikamfuata huko. Nilimkuta amechutama mbele ya ubao mrefu, anaupaka rangi ya njano.

"Wifi," nikasema, "nimekuja kukuomba radhi kwa kuipunguza gemu."

Hakugeuka. "Kuipunguza ulifanya sawa. Mama alikaa ndani ya ile treni mpaka nikamwonea huruma. Hata mimi ningeipunguza."

"Sasa mbona umeninunia?"

"Zile stesheni za mwisho nilichora wewe ukijua hazina kazi. Kila moja ukaniambia nzuri mno." Akachovya brashi. "Ulikuwa unamwambia nani?"

Akaniambia namzibia mwanga. Nikasogea.

Gemu ile ndogo imetoka, maboksi nimeyavika picha za wifi za stesheni ile moja, na watu wameipenda. Mama mmoja wa mbali aliniandikia kwamba ameicheza na baba yake mgonjwa, wakabishana begi liko wapi. Wengi wanasifu picha. Kila sifa huchoma, maana najua chini ya kitanda changu zimelala picha nyingi zaidi ambazo hakuna atakayeziona. Wifi hututembelea. Mwezi uliopita alimfundisha mpwa wako kuchora paka. Chumba chenye kompyuta haingii, na mimi ananijibu vizuri tu, kama mtu anavyomjibu karani. Simharakishi.

Mji wako usiutupe, Kiduchu. Lakini anza na nyumba moja, mtu mmoja ndani yake, na mlango mmoja unaofunguka kweli. Tafuta jambo moja ambalo mchezaji atalifurahia hata kila kitu kikiwa maboksi. Usichore pazia kabla ya mlango. Ikamilishe hiyo, mwanzo na mwisho, hata kama ni ndogo mpaka unaona haya kuitaja. Kisha mpe mtu asiyekupenda sana, kaa nyuma yake, ufunge mdomo, utazame anapokwama. Ukishikwa na hamu ya kuongeza mvua, nawa uso urudi kwenye mlango. Wengi wetu tumeishia kwenye mvua.

Na kuna jambo uliloliandika pembeni mwa ukurasa, kama vile si kitu: kwamba rafiki yako mpiga kinanda anataka kuacha chuo cha uuguzi ili akutungie muziki wa mji wote. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwendee leo. Mwambie kwamba mji haupo bado, upo mlango, nao haujafunguka. Akipenda kutunga wimbo wa mlango huo baada ya masomo, mshukuru. Huenda akakukasirikia. Atakukasirikia akiwa bado yumo darasani.

Nisalimie sana mama mdogo, na baba mdogo fundi saa, na yule shangazi anayesema siku hizi simkumbuki. Mwambie namkumbuka, ila namwogopa. Mpwa wako anakutumia picha ya paka. Mungu akulinde, akupe marafiki wa kukuambia ukweli na moyo wa kuwaambia wao.

Ni mimi nikupendaye, hata ukininunia,
Dada yako.