Mama Edita, Mumeo Ameniuliza

Mama Edita, Kresensia wangu,

Nimekaa na karatasi hii tangu nimalize chai. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto wa watu kuanza barua kwa salamu, na leo nimeshindwa kuanza. Nikuulize hujambo? Basi nikupe za huku. Mahindi yako ya nyuma ya nyumba yamevunwa. Baridi ya Ruhuwiko mwaka huu imetukunja. Jumuiya ikisali nyumbani kwenu, kiti chako cha dirishani hakuna anayekikalia, ingawa hakuna aliyekataza.

Na mumeo ameomba kunioa.

Nimeandika. Sasa nieleze, maana unanijua, siwezi kusema jambo bila kulieleza.

Unakumbuka kile kitabu cha Kifaransa, kilichofasiriwa kwa Kiingereza, tulichoazimwa na Sista pale chuo cha ualimu? Mama mjane wa ukoo mkubwa na mwalimu wa kinanda wa bintiye. Wanapendana, wote wako huru, hakuna sheria ya serikali wala ya Kanisa inayowazuia. Kinachowazuia ni kwamba mwanamke wa daraja lake haolewi na mtu anayelipwa mshahara na nyumba hiyohiyo. Basi wanazeeka wakizungumzia muziki, mlango wa sebule ukiwa wazi ili watumishi waone kwamba hakuna kitu. Ulilia mpaka wenzetu bwenini wakadhani umepata msiba nyumbani. Ukasema, "Mama huyu mjinga. Si aufunge tu huo mlango." Mimi nilimtetea. Nilikueleza, kwa urefu kama kawaida yangu, kwamba mtu haishi peke yake duniani.

Tulipostaafu tukakisoma tena, wewe unafuma kitambaa, mimi nasoma kwa sauti. Tulipofika mwisho nikasema sasa naona mama yule alipoteza maisha yake bure. Wewe ukatikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Sasa ndiyo namwelewa." Sikukuuliza umeelewa nini. Nilidhani siku zipo. Kwa hiyo leo nikitaka shauri lako, nimsikilize Kresensia yupi, yule wa bwenini au yule wa kitambaa?

Jambo lenyewe lilianzia msibani kwako. Watani wetu hawana huruma, unawajua. Yule mtani mrefu, fundi baiskeli, alivaa kitenge chako na kilemba chako, akatembea kama wewe, mkono kiunoni, watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Akaenda mpaka alipoketi Baba Edita, akamwambia kwa sauti yako kabisa: "Mume wangu, mimi nakwenda. Usihangaike kutafuta, nakuachia Mwalimu. Ila uwe unaoga, huyu anakagua kucha." Hata mimi nilicheka. Baba Edita naye alicheka, mara ya kwanza tangu utuache.

Neno la mtani msibani halina kesi. Linasemwa, mtani anapewa chochote, linaishia palepale. Hili halikuishia. Baada ya hapo, kila Baba Edita alipokuja kwangu na mahindi mabichi, au kutaka nimsomee maandishi madogo ya kwenye dawa yake, niliketi karibu na mlango na kuuacha wazi. Zamani hata sikuufikiria mlango.

Alipouliza hakupamba maneno. Alisema chai yangu huisubiri tangu asubuhi, na amechoka kuinywa kama mgeni.

Kwangu mimi mjane wa siku nyingi, jibu lingekuwa rahisi, kama nisingekuwa mama wa ubatizo wa Edita. Nilimbeba kwa mikono yangu akimwagiwa maji, wewe ukiwa umesimama kando unatabasamu. Nilimwuliza Paroko. Akasema siku hizi sheria ya Kanisa haizuii. Lakini wenzetu wa jumuiya hawaishi ndani ya kitabu cha sheria. Kwao mama wa ubatizo na baba mzazi wamekwisha kuwa ndugu, na ndugu hawaoani. Mmoja aliniambia, akitabasamu, "Mwalimu, utakuwa mama mara ngapi kwa mtoto mmoja?"

Hao ningewaweza. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo yao.

Kisha Edita akaja kutoka dukani kwake Lizaboni. Aliingia bila shikamoo. Edita, ambaye hunisalimia hata tukikutana mara ya tatu sokoni. Alisimama katikati ya sebule akasema, "Baba akinikosea nilikuwa nakwenda kwa mama. Mama hayupo, nakuja kwako. Ukihamia kwa baba, mimi nitakwenda kwa nani?" Akaingia jikoni, akaosha vikombe vyangu vyote, vilivyokuwa safi, akaondoka.

Kwa hilo sikuwa na maelezo. Bado sina.

Sielewi, Kresensia. Mumeo akicheka huziba mdomo kwa mkono kama wewe. Mlikaa pamoja mpaka mkaambukizana. Jioni nikitega sikio njiani, ni yeye ninayemsubiri au ni wewe? Nikimwona nafurahi, kisha naona aibu, kisha nafurahi tena. Mtu wa umri wangu. Nilidhani mambo haya yana mwisho, kama mtaala.

Lakini kwa kukuandikia nimeona jambo moja. Nilikuwa nimeweka "hapana" zote katika kapu moja. Hapana ya jumuiya ni ya macho ya watu, na macho yatachoka. Hapana ya Edita ni ya mtoto anayeogopa kufiwa na mama mara ya pili. Kesho nitakwenda Lizaboni kabla sijamjibu baba yake. Nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, kwamba nampenda baba yake. Sijawahi kuandika sentensi hiyo. Nimeiandika, na mkono haukukataa. Akisema bado, nitangoja, na Baba Edita atangoja nami, chai yake ataipata. Akikubali, basi nakuahidi hivi: siku baba yake atakapomkosea, nitakuwa upande wake, hata kama ni ndani ya nyumba ya baba yake, hata kama mwenye kosa ni mume wangu.

Pumzika, Mama Edita. Mtoto bado ni wetu wawili.

Mwalimu wako,
Benadeta