Ufunguo Nilioufuta

Rumonge, Jumatano asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum, na amahoro, amani kwa wote wa nyumbani. Naomba barua hii ikukute goti limepoa, na mama ameanza kula vizuri baada ya ile malaria. Mimi huku ni mzima wa mwili. Mvua imenyesha wiki nzima, barabara ya Kizuka ni matope matupu, na akina mama wa bandarini wanalalamika kuwa samaki wao wadogo, ndagala, hawakauki.

Ujumbe wako ndugu yangu Aisha alinifikishia kwa simu. Amesema Bwana Melkiades alifunga safari mpaka Nyanza-Lac, akakaa kwako tangu adhuhuri hadi alasiri, akakueleza kwamba nimeharibu kazi yake kwa kiburi. Nikimwomba msamaha, na nikiikana barua niliyowaandikia wakuu wa vituo vya afya, atanirudishia kontra yangu ya kazi. Amesema pia kwamba wewe ulimwahidi nitafanya hivyo. Baba, katika miaka yangu ishirini na tisa sijawahi kukujibu hivi: sitamwomba msamaha, na barua siikani. Nakusihi unisome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Hujawahi kuelewa vizuri kazi yangu, na kosa ni langu, maana nilikuwa nasema tu ni ya kompyuta. Vituo vya afya kumi na kimoja, kutoka Kabezi mpaka huko kwenu, vina seva, kompyuta zinazotunza majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Zinatumia mfumo uitwao Linux. Programu zake lazima zibadilishwe kila mara, kwa sababu programu iliyozeeka ni rahisi kuingiliwa na wezi wa mtandaoni. Lakini seva hizo hazichukui programu popote. Zinachukua kwenye ghala moja tu, lililokuwa ofisini, katika biro ya Bwana Melkiades, na mtunzaji wake nilikuwa mimi. Kila kifurushi cha programu kilichofika nilikifungua, nikasoma kilichobadilika, nikakijaribu pembeni, ndipo nikakitia sahihi kwa ufunguo wa siri. Ufunguo huo si wa chuma, ni maandishi marefu ndani ya kompyuta. Seva ikikuta kifurushi hakina sahihi yake, inakikataa.

Mwezi wa tatu Bwana Melkiades aliniletea kifurushi cha mfanyabiashara mmoja wa dawa. Alisema ni cha takwimu, kihesabu wagonjwa, basi. Nilikifungua. Kila siku kingenakili majina, namba za simu na magonjwa, kisha kingevipeleka kwenye anwani moja ya mbali isiyokuwa ya kituo chochote. Nilikwenda kumwonyesha nikidhani atashtuka. Hakushtuka. Aliniambia kwa upole kabisa: “Nour, kazi yako ni kutia sahihi. Kusoma hakuna aliyekuomba.” Nikamjibu kwamba sahihi bila kusoma si kazi, ni uongo. Akanipa mpaka Ijumaa.

Ijumaa aliwaita wafanyakazi wote, akanitaka mbele yao nikabidhi ufunguo na neno lake la siri, atie sahihi mwenyewe. Nilimpa, Baba. Sikubishana hata kidogo. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimetoa kifurushi cha mwisho chenye sahihi yangu, kinachoziambia seva zote kumi na moja zisiuamini tena ufunguo huo. Zote zilikuwa zimekwisha kukipokea. Alipojaribu kukituma kile cha mfanyabiashara, seva zikakikataa moja baada ya nyingine, naye akawa anabonyeza na kubonyeza huku watu wakimtazama. Akanifukuza palepale. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Nilijua kwamba seva zisizopata programu mpya nazo ziko hatarini. Kwa hiyo siku ileile niliwaandikia wakuu wote wa vituo, nikaeleza nilichofanya na sababu yake, nikaahidi kuwajengea ghala jingine, lenye ufunguo mpya na watu wawili wa kukagua badala ya mmoja. Wanne wamekubali. Wawili wamenitukana. Wengine wako kimya.

Sasa nifike pale ambapo mkono unakuwa mzito. Bwana Melkiades hakukwambia barua ile ilianza na nini, kwa sababu anajua ungenielewa.

Unakumbuka siku ya harusi ya Aisha, mwaka jana? Ulinipigia simu mara tatu ukisema gari linanisubiri mimi tu. Mezani kwangu kulikuwa na kifurushi kimoja kidogo, na Bwana Melkiades alikuwa amesimama mlangoni akisema kinahitajika leo. Nilikitia sahihi bila kukifungua. Nikaja kucheza ngoma.

Wiki chache baadaye Beatrisi, anayeuza samaki wa mikeke hapa bandarini, alipigiwa simu na watu asiowajua wakimuuzia dawa ya ugonjwa ambao hakumwambia mtu isipokuwa Elda, muuguzi wake. Simu ilipokelewa na mumewe. Alimfukuza yeye na watoto. Mji mzima ukasema Elda ndiye aliyetoa siri, na Elda akaachishwa kazi. Mimi pia nilisema hivyo, Baba. Nilisema kwa kinywa changu, mbele ya watu.

Mwezi wa tatu nilipoiona ile anwani ya mbali, nikaitafuta kwenye seva. Nikaikuta ndani ya kifurushi cha siku ya harusi, na sahihi ni yangu.

Nilikwenda kwa Beatrisi nikamwambia yote. Aliendelea kupanga samaki wake. Kisha akasema: “Hii maneno uandike ku karatasi, utie jina yako yote. Elda iko nyumbani bila kazi juu ya uongo. Mimi bwana yangu sirudi kwake, lakini Elda arudishiwe kazi.”

Hivyo ndivyo inavyoanza barua unayotaka niikane. Nikiikana, Elda anakuwa mwongo tena. Sikufanya kosa lile kwa sababu yako, na gari la harusi usilibebe moyoni. Kidole kilichobonyeza ni changu.

Kesho saa mbili asubuhi nimeitwa polisi kwa shitaka la Bwana Melkiades. Nitakwenda. Sina neno jingine la kuwaambia zaidi ya lile nililoliandika. Elda alirudi kazini Jumatatu. Nilimwona kwa mbali, amevaa blauzi nyeupe ya kazi, hakunisalimu, na ana haki.

Nibusie mikono ya mama, na Aisha umwambie harusi yake ilikuwa nzuri. Bwana Melkiades akija tena, mpe chai kama ulivyozoea, umweleze kwamba mwanao amekataa.

Ni mimi binti yako,
Nour Radjabu