Mama, Chiriku Wako Wamekwisha

Mwaka mmoja umetimia leo, mama, tangu Jumanne ile ulipokaa ukingoni mwa kitanda kufunga kamba za viatu vya kazi, ukamwambia baba, "Ngoja nivute pumzi kidogo," na pumzi yenyewe haikuja. Kiatu cha kushoto ulikuwa umeshakifunga. Cha kulia alikifunga baba, taratibu, kwa sababu hakujua mikono yake aipeleke wapi.

Miaka ishirini na sita ulisafisha wodi. Ulizijua chupa zote za dawa za usafi kwa harufu kabla hujasoma karatasi zake. Uliwahi kutusimulia siku mwenzako alipomimina klorini na dawa ya choo kwenye ndoo moja ili amalize kazi mapema, akatolewa chooni amebebwa. Tangu siku hiyo kifua chako hakikurudi sawa, maana wewe ndiye uliyeingia kumtoa. Hukujisifu. Ulisema tu, "Mtu mzima anakimbia. Aliyefungiwa ndani ya tundu atakimbilia wapi?"

Ndiyo maana nyumbani kwako chiriku wanne waliishi kama wafalme. Tundu lao lilikaa sebuleni, mbali na jiko. Kikaango kile kisichoshika chakula hakikuachwa motoni kikiwa kitupu hata dakika moja, kwa sababu ulisema kikiungua, moshi wake humaliza ndege kabla mtu hajakohoa. Dawa ya mbu ya kupuliza, ubani, mishumaa ya manukato, rangi ya kucha, vyote vilikuwa na mahali pamoja: nje. Siku ya usafi ulipiga kelele, "Wenye mabawa mbele!" nasi tukabeba tundu hadi chumba cha nyuma, tukaziba chini ya mlango kwa taulo bichi, na hakuna aliyethubutu kuwarudisha mpaka sakafu ikauke na wewe mwenyewe unuse hewa.

Wageni uliwanusa mlangoni. Wajukuu wakakupa jina la Forodha, ukalipenda. Shemeji yako, yule anayejimwagia marashi kama anazima moto, hawezi kusahau.

"Shemeji, kapunge upepo nje kwanza."

"Kwani mimi mgeni au moshi?"

"Wewe mgeni. Hilo koti lako ndilo moshi."

Akala chakula cha mchana akiwa na fulana tu. Baba alicheka mpaka akapaliwa, akasema ndege hawa wana haki kuliko yeye mwenye nyumba. Ukamjibu, "Wewe ukikohoa unaomba maji. Wao hawajui kuomba."

Na baba alikuwa ndiye mshukiwa wako mkuu. Fundi viatu wa miaka arobaini, gundi imemwingia kwenye kucha. Jioni alivulia nguo za kazi barazani, akanawa hadi viwiko, ndipo ukamfungulia. Kopo la gundi halikuvuka kizingiti chako hata siku moja. Wewe ulijua jambo ambalo sisi tulilichukulia mzaha tu: pua yake ilikwishakufa zamani. Hasikii harufu ya gundi, wala ya gesi, wala ya maziwa yaliyochacha. "Mimi ndiyo pua yako," ulimwambia, naye alikuinamishia kichwa kama mtu anayepokea salamu.

Ulipoondoka tulikuahidi kaburini kwamba chiriku watatunzwa. Baba ndiye aliyesema, kwa sauti. Akashika kila ulilomfundisha. Maji safi asubuhi. Mbegu bila vumbi. Na wasipigwe na ubaridi, hilo hasa, kwa sababu ulikuwa ukimkemea kwa kuacha dirisha wazi siku za mvua.

Mama, hili hatukuwahi kuliandika mahali, lakini wewe una haki ya kulijua.

Mwezi wa tatu baada yako, siku ya mvua, baba alitoa viatu vyako vya kazi chini ya kitanda. Soli ya mbele ilikuwa imeachia, kiatu kinacheka. Hakutaka kuvipeleka kibandani kwake, kwa sababu watu wangeuliza ni vya nani. Alitaka kuvishona na kuvibandika mwenyewe, karibu na ndege wako, apate wa kukaa naye. Akafunga madirisha yote mawili wasipigwe na ubaridi. Akaketi kwenye kigoda karibu na tundu, akafungua kopo la gundi, akafanya kazi taratibu, kazi nzuri, kuliko zote alizowahi kufanya.

Binti yako mshonaji aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni, akaziba mdomo kwa mtandio.

"Baba, hii harufu yote ya nini?"

"Harufu gani?"

"Gundi! Nyumba nzima!"

Baba alitazama kopo mkononi mwake kama mtu mwingine amemwekea. Kisha akatazama tundu. Wawili walikuwa chini kwenye karatasi, miguu juu. Wa tatu alikuwa ameng'ang'ania waya kwa mdomo, akaachia walipokuwa wanamwangalia. Baba alilibeba tundu na kulitoa nje, akasimama kwenye mvua akiwa amelifunika kwa koti lake, akiwaambia wale watatu wavute, wavute tu, hewa iko.

Aliyebaki ni Karani, yule uliyempa jina kwa sababu asubuhi aliwaita wenzake kama anaita majina kwenye daftari. Walimpeleka kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Daktari akamsikiliza, akamwangalia mkia ulivyokuwa ukipanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Mzee, ndege hewa inampita mwili mzima. Sumu ikiingia hakuna kona isiyofika."

"Atapona?"

"Mpe hewa safi na joto. Zaidi ya hapo sina la kukudanganya."

Basi baba akafunga kibanda. Wateja walikuja kuulizia viatu vyao, akawarudishia vingine kabla havijaisha. Alikata kucha mpaka kwenye nyama. Kila asubuhi, kabla ya chai, alimwita binti yako.

"Njoo unuse."

"Hewa tu, baba."

"Nusa tena. Pale kwenye kona."

"Hewa tu."

"Una hakika? Usinihurumie."

Miezi minane aliishi hivyo. Tulimwambia usingeweza kumlaumu, kwamba ungemtania kidogo, halafu ungemwekea chai. Alitusikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza watu wa bima. Mwanao fundi umeme alimletea chiriku wengine wawili, vijana, wenye kelele. Baba hakugusa hata tundu lao. "Warudishe walikotoka," akasema. "Hapa hakuna pua."

Karani hakuimba tena. Asubuhi alifungua mdomo, koo likacheza, sauti haikutoka. Baba alikaa mbele yake akimtajia majina ya wale watatu, moja moja, kumsaidia. Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, tulimkuta Karani kwenye kona ya tundu, na baba ameketi palepale, ameshaosha vyombo vya maji na kuvikausha.

"Mlisema hewa ilikuwa safi," alituambia.

Ilikuwa safi, mama. Haikusaidia.

Wenye ndege, sungura au paka mdogo ndani ya nyumba, mtusamehe kuwasemesha kwenye tangazo la marehemu. Yeye angewasemesha. Msiangalie kama nyinyi mnaisikia harufu. Toeni kwanza viumbe nje, ndipo mfungue chupa au kopo.

Tungependa kukuandikia kwamba tumezoea. Hatujazoea. Tungependa kusema baba anaendelea vizuri. Anakula akiwekewa, analala akiambiwa. Viatu vyako vimebanduliwa soli tena. Alizing'oa mwenyewe kwa koleo, hatukumzuia.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi viatu; binti yako mshonaji; mwanao fundi umeme na mkewe; wajukuu zako watatu waliokuita Forodha; shemeji yako, ambaye tangu siku ile ya mvua hajajipaka marashi tena; na wenzako wa wodi, hasa yule uliyemtoa chooni, ambaye yu hai na anakuja kumsalimu baba kila Jumatatu.

Hutatutoka moyoni, mama, siku zote tutakazojaliwa.

Jumapili hii baba anahamia kwa mwanao, ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma. Hakuuliza chumba kikoje. Alisema tu kwamba mzigo wake ni begi moja.