Kidole Kwenye Rangi Mbichi

11 Februari

Mwanangu Kidole,

Hujambo? Kazi haijambo? Sisi huku tunaendelea, tunamshukuru Mungu. Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Maneno ni ya baba yako, kalamu ni ya shangazi yako, maana mkono wa kulia bado umelala tangu kile kiharusi. Simu nimeikataa. Ulimi mzito, nikianza sentensi leo naimaliza kesho. (Na akikosa neno ananikasirikia mimi, kama vile nimemwibia. Shangazi.)

Sasa sikia. Muuguzi alinipa mpira niuminye kila siku ili mkono upate nguvu. Niliuminya siku mbili nikachoka. Mtu aliyeandika vibao vya mji mzima miaka thelathini na moja, leo aminye mpira? Nikachukua brashi kwa mkono wa kushoto. Shangazi yako ananiletea vifuniko vya makopo ya rangi, kila kifuniko naandika herufi moja. A ya kwanza ilikuwa kama ngazi iliyogongwa na gari. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mama yako atutoke. Sasa ukuta wa sebuleni umejaa vifuniko, na asubuhi naamka na haraka kama mtu mwenye kazi.

Ila kuna jambo linanitia wasiwasi. Juzi tulitembea polepole hadi sokoni. Juu ya mlango wa kinyozi mpya kuna kibao, na herufi ni zangu. R yangu ya kifua mbele, G yangu yenye mkia. Jicho la kulia lina ukungu, lakini mwandiko wangu naujua hata gizani. Sikumbuki kukiandika kibao kile. Tukakuta kingine buchani, na kingine kwenye duka la misumari. Mimi sijawahi kusahau kibao hata kimoja. Wewe ulikuwa hapa nilipougua. Je, nilifanya kazi ambazo sizikumbuki? Niambie ukweli, usinionee huruma.

Baba yako

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na shangazi. Mimi sijambo, ila kazi ni nyingi na mashine za kuchapa mabango hazilali. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu.

Habari ya vifuniko imenifurahisha sana. Endelea.

Kuhusu vile vibao, usijisumbue. Daktari alisema ugonjwa huu unaweza kula kumbukumbu. Huenda uliviandika kabla ya kuugua, vikakutoka kichwani. Ni jambo la kawaida. Pumzika tu, Baba.

Sijui nitapata nafasi ya kuja lini.

Mwanao, Kidole

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila nyumba hii si nzima. Kaka yangu hajui kwamba naandika. Safari hii hakuna maneno yake humu, ni yangu matupu.

Tangu nimsomee barua yako hajagusa brashi. Vifuniko amevibandua kimoja kimoja akavitia kwenye gunia. Kila asubuhi ananiuliza leo ni siku gani, halafu ananiambia nisimjibu, anataka kujipima. Akipatia, hafurahi. Jiko anarudi kulikagua mara tatu. Jana alisimama mbele ya picha ya mama yako, akataja jina lake kwa sauti, kisha akakaa chini akafuta jasho.

Amemwita yule seremala wa jirani aje Jumapili achukue brashi zote, makopo na ngazi. Nikamwambia usifanye hivyo, akanijibu, "Mtu ambaye kichwa kimetoboka asiwaandikie watu majina yao."

Mwanangu, kiharusi kilimnyang'anya mkono naye akacheka. Mkono haukumvunja. Barua yako ndiyo imemvunja. Nilipokuwa naisoma niliona mistari yako inapita mbio mbio, kama mtu anayekwepa kusalimia. Mimi nilikulea miaka miwili mama yako alipokuwa mgonjwa, na nakujua ukiwa na kitu mdomoni. Kama kuna unalolijua, liseme kabla ya Jumapili.

Shangazi yako

12 Aprili

Shangazi, msomee yote, usiruke mstari. Nimemwomba dereva wa basi akukabidhi mkononi leo hii.

Baba, shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali.

Kichwa chako ni kizima. Vile vibao hukuviandika wewe. Ni mimi.

Wiki ile ulipolazwa, nilirudi nyumbani kukuchukulia shuka. Kile kibao chako cha mifano, kile ambacho wateja huchagulia herufi, kilikuwa barazani. Nikakipiga picha. Nilidhani unakufa, nikataka nibaki na mkono wako. Mungu ni shahidi, mwanzo ilikuwa hivyo tu.

Niliporudi kazini nikamkuta bosi analalamika. Wateja wamechoka na herufi za kompyuta, wanataka za mkono. Nikamwonyesha picha. Siku tisa nilikaa nikizifuatisha moja moja kwenye kompyuta, na siku hizo tisa wewe ulikuwa bado huwezi kumeza uji. Q na X hukuwa nazo, nikazibuni mwenyewe. Nikatolewa chumba cha gundi, nilikokuwa nikibandika mabango, nikapewa meza karibu na dirisha. Kwenye kompyuta zinaitwa Mkono wa Mzee. Mteja anaandika anachotaka, mashine inatoa mwandiko wako kwa dakika mbili, na mabango yanasafirishwa mpaka huko kwetu. Nilijua yanafika huko. Nilijua ni wateja wako.

Kisha ukaniuliza. Ukasema usinionee huruma. Nikakaa na swali lako wiki mbili, nikakujibu kwamba umesahau. Kuchukua herufi zako bila kukuomba ni wizi, jina lake linajulikana. Kumwacha baba yangu aamini kwamba akili inamtoka, ili mimi nisiipoteze meza ya dirishani, hilo sijui linaitwaje. Mashine ikianza kuunguruma asubuhi, natoka nje.

Usimpe seremala brashi. Nakuomba hilo tu, mengine sistahili kuomba.

Kidole

30 Juni

Kidole,

Hujambo. Mimi sijambo. Huu ni mwandiko wangu, wa kushoto. Barua hii imenichukua siku sita, kwa hiyo nawe usiisome kwa pupa.

Shangazi yako aliponisomea, kwanza nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilijipiga paja kwa ule mkono mzima nikapiga kelele, kichwa changu kizima! Seremala alikuja Jumapili akanywa chai, akaondoka mikono mitupu. Hasira ilikuja jioni yake, ikakaa wiki kumi na moja. Hicho ndicho kimya ulichokisikia.

Ulipokuwa mdogo, kila kibao nilichoanika ulikitia kidole kabla rangi haijakauka. Tukakupa jina tukicheka. Safari hii sikucheka. Ungeniomba ningekupa, maana ningemwachia nani? Lakini ulinifanya nimuulize dada yangu leo ni siku gani, mimi mtu mzima. Hilo bado linaniuma na sitakudanganya kwamba limepoa.

Ila ile X yako! Niliiona kwenye kibao cha TAXI kule stendi. Nikajiambia, hata nikirukwa na akili siwezi kuandika X mbaya namna ile. Ningeiona X ile kabla ya barua yako, ningekukamata mapema.

Herufi ziache huko. Za mkono wa kulia siziwezi tena, na watu wamezizoea. Vifuniko vimerudi ukutani. Hizi za kushoto zinayumba, lakini juzi fundi viatu amekuja mwenyewe akasema anataka kibao cha zinazoyumba, kwa sababu hakuna mwingine mwenye nacho. Tulikipaka siku nzima, shangazi yako akishika ubao na kunifokea.

Moja tu nirudishie, K. Mama yako alikuwa na mguu mbovu, unakumbuka alivyokaa mlangoni akiunyoosha mbele. K yangu ni yeye. Niliiandika mara ya kwanza kwenye kibao cha saluni yake, yeye akiniangalia, na tangu siku hiyo kila Karibu niliyoiandika mjini hapa ni yeye amekaa mlangoni kwa mtu. Sitaki awe anatolewa na mashine.

Baba

19 Julai

Baba,

Shikamoo. Shangazi naye shikamoo. Mwandiko wako nimeubandika ukutani juu ya kitanda.

K nimeifuta, na picha nimeifuta. Haikufika saa sita bosi akajua, maana hakuna duka, hoteli wala saluni isiyotaka Karibu. Aliniambia nichore nyingine. Nikamwambia sijui kuichora, na ni kweli sijui. Amepachika K ya kompyuta, inasimama kati ya herufi zako kama mgeni aliyekosea nyumba. Mimi nimerudishwa chumba cha gundi. Nanuka, lakini nalala.

Jioni nakaa na mabaki ya karatasi nafanya mazoezi ya herufi zangu mwenyewe, kwa brashi. Nimeanza na X. Bado ni mbaya, ila jana ilinichekesha peke yangu, nikaelewa kidogo ulichokuwa unakisema kuhusu ile A.

Mwisho wa mwezi nina likizo ya siku nne. Nataka kuja. Sijui kama nina haki ya kupiga hodi kwenye mlango ule aliokaa mama. Ukikaa kimya nitaelewa, na sitauliza tena.

Mwanao, Kidole

(Kimeletwa na dereva wa basi, kimefungwa kwa gazeti: kifuniko cha kopo la rangi. Hakuna tarehe. Mbele kuna herufi moja, K, inayumba kidogo, mguu umenyooka. Nyuma kuna mwandiko wa shangazi.)

Amesema herufi tano zinazoifuata hii kwenye neno lake utazikuta mlangoni. Rangi itakuwa bado mbichi. Usitie kidole.