Goti Limeshapigwa

Dada Ngolo, shikamoo. Nakusalimia wima, na sababu utaiona.

Baada ya operesheni ya tumbo nauguzwa hapa Katoro, kwa mama mkwe, kwa michembe ya viazi vitamu na uji wa ulezi. Kando ya mshono pana vinundu vigumu kama punje za mahindi, nikivigusa vinauma. Niliogopa, lakini nesi alivipapasa akasema ni nyama zinaungana, vitalainika polepole. Nirudi upesi pakizidi kuvimba, pakitoa usaha au nikipata homa. Akanikataza kuinama na kubeba.

Sasa, mkwe wangu unamjua: mkamwana hamsalimii bila kupiga goti. Asubuhi nikashika ukuta, nikaanza kushuka, jasho likinitoka.

"Simama, mayu! Simama, mama!" akafoka. Kisha yeye mwenyewe, na miguu yake ile mibovu, akapiga magoti mbele yangu. "Goti limeshapigwa. Haya, nisalimie."

Tulicheka mpaka mshono ukauma. Kumwinua nimekatazwa, ikabidi tuite jirani, akatukuta hivyo hivyo: mkwe chini, mkamwana juu. Habari imeshafika sokoni.

Wasalimie wanao. Goti lako nimekuwekea, nitalileta mwenyewe nikipona.

Mdogo wako,
Mbula