Neno Ulilotuomba Kwenye Barabara ya Juu

Mama Tabitha, jirani yangu,

Sijui kama uko hai. Naanza hapo kwa sababu hukupenda maneno ya kuzunguka. Kama uko, basi umepita miaka sabini kama mimi, na huenda mjukuu ndiye anayekusomea haya kwa sauti huku ukimwambia asiharakishe. Anwani yako sina. Ndiyo maana naandika hadharani, nikitumaini kwamba kule juu kwenye mashamba ya pareto kuna mtu mmoja atakayesoma habari ya pengo kwenye ua wa michongoma na kusema, "Huyu si anaongea na nyanya?"

Unalikumbuka pengo lile. Mama Ruth wangu alilikata kwa panga mwezi wetu wa kwanza pale, ili asizunguke hadi barabarani kila akija kwako kuomba moto. Wewe ukalipanua. "Mimi ni mnene, Mama Ruth," ulimwambia, "ama unataka nipite nikichanwa?" Kwa kuazima chumvi mlipita hapo na matope miguuni. Lakini siku mliyotembeleana kwa heshima ilikuwa jambo lingine: kitambaa cha Jumapili kichwani, kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai mkononi, hodi tatu, kisha kusubiri mlangoni kama mgeni aliyetoka mbali, ilhali nyumba zetu zilitengana hatua arobaini. Mimi na Baba Tabitha tulikuwa tukiwacheka.

Mama Ruth ni mgonjwa. Ana ugonjwa wa kusahau, sasa ni mwaka wa nne. Mchana si mbaya. Anachambua mboga, anaimba, na majirani wa hapa wakimsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," anawajibu "Iko" bila kukosea, ingawa jina langu humponyoka. Shida ni usiku. Saa nane anaamka. Anafunga kitambaa, anavaa gauni la kanisani juu ya nguo ya kulalia, anatandaza leso kitandani na kufunga furushi. Halafu anaenda mlangoni.

Kwa miezi mingi nilikuwa na hakika kwamba najua anachofanya. Anakimbia. Ule usiku umemrudia. Wewe pia ungedhani hivyo, kwa kuwa ni wewe uliyegonga dirisha la jikoni.

"Mwalimu, amkeni. Msiwashe taa. Wanakuja kabla ya alfajiri."

Hukusema ni akina nani, wala hukuhitaji kusema. Baba Tabitha alikuwa bado hajarudi kutoka kwenye kikao cha wanaume wa kabila lenu. Nilitoka na sanduku la vitabu kichwani, na Ruth, aliyekuwa na miaka mitano na kikohozi, akitembea peku nyuma yangu. Ukanitazama pale gizani. "Sasa wewe Mwalimu, unaenda kuwafundisha? Weka hiyo chini. Beba mtoto." Nikaweka. Ukatupitisha kwenye pengo, ukatuvusha shamba lako lote hadi barabara ya juu, na Ruth alipotaka kulia ukampa kiazi baridi kilichobaki jioni. Alikitafuna njia nzima, kimya. Barabarani ukamshika Mama Ruth mkono.

"Mkifika, mnitumie neno."

"Tutatuma," akakujibu.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea.

Hatukutuma. Nasema sisi, lakini kosa ni langu, maana nyumbani kwetu kuandika kulikuwa kazi yangu. Mwanzoni niliogopa kwamba barua yenye jina letu ingekuponza. Kisha nikasikia nyumba yetu iliteketea na ua wenu ukabaki mzima, nikawatia nyote kwenye kapu moja, pamoja na wewe. Mama Ruth aliniuliza, "Umeandika?" Nikasema kesho. Baada ya miaka kadhaa hasira iliisha na ikabaki aibu, na aibu nayo ni mvivu wa kushika kalamu. Yeye akaacha kuuliza. Nilipata shule Kajiado, nikafundisha hadi kustaafu, na tukajenga hapa Kitengela wakati punda milia walikuwa bado wakila nyasi nyuma ya jiko letu. Siku hizi ni malori ya saruji usiku kucha na nyumba za kupanga kila upande. Upepo tu ndio haujabadilika.

Sasa nikwambie nilivyoanza vibaya. Nilibishana naye. "Hakuna vita, Mama Ruth. Hapa ni Kitengela." Alinitazama kama mtu anayetambua kwamba anadanganywa kwa upole. Nilifungua furushi, nikarudisha vitu rafuni mbele ya macho yake. Nilificha ufunguo, akaupiga mlango kwa kiganja mpaka kikavimba. Nikaacha kuuficha. Usiku mmoja usingizi ukanishinda, akatoka. Mwanamke anayewauzia chai madereva wa malori kwenye barabara ya Namanga ndiye aliyemwona, akamketisha kando ya jiko lake, akanipigia simu kwa nambari niliyokuwa nimeiandika kwa wino kwenye upindo wa leso. Nilimkuta mke wangu na kikombe mkononi, miguu imejaa vumbi, mwenye adabu zake zote.

Ruth alikuja kesho yake kutoka Rongai. Ni mama wa watu sasa, Mama Tabitha, na ana sauti ya mkuu wa shule ingawa ni mhasibu.

"Baba, hii haiwezi kuendelea hivi. Kuna makao ya wazee huko Nairobi, wako na watu wa zamu ya usiku na milango inafungwa."

"Mama yako hafungiwi mlango."

"Na wewe utalala lini? Ama unataka nizike wawili?"

Nilimwomba mwezi mmoja. Akakubali, lakini akaniambia mwisho wa mwezi atakuja alale hapa aone kwa macho yake, na akiona ni yale yale, anamchukua mama yake Jumatatu.

Nilienda kliniki Kajiado, si kwa daktari bali kwa nesi, msichana niliyemfundisha kusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo. "Mwalimu, unamsahihisha kama daftari. Usimsahihishe. Akienda, enda naye. Halafu rudi naye."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kujua kazi hii, na leo naijua. Mchana simwachi asinzie zaidi ya nusu saa. Chai ya mwisho ni saa kumi. Jioni ni uji. Jua likianza kushuka upande wa Ngong tunatembea hadi kwenye kalvati na kurudi, ili miguu yake ichoke kiasi. Kioo cha chumbani nimekifunika, kwa sababu alidhani yule mwanamke mzee amekuja kumwibia leso. Ukumbini inawaka balbu ndogo. Viatu viko kando ya mlango na makoti mawili kwenye msumari, maana upepo wa huku saa nane hauna huruma. Mzee wa Kimaasai wa boma la nyuma alinipa kengele ya ng'ombe niifunge kwenye komeo. "Ilikuwa ya mmoja mtoro sana," aliniambia. "Mama asijue." Ikilia, naamka, namvisha koti, natoka naye. Tunazunguka nyumba, tunafika getini, nasema, "Tumefika." Mara nyingi anarudi kulala.

Lakini si mara zote. Siku nyingine alisimama getini akakataa. "Bado," alisema. Bado nini? Tulisimama hapo hadi adhana ya alfajiri, yeye na furushi lake, mimi na magoti yangu.

Mwezi ukaisha. Ruth akaja Ijumaa na mkoba wake. Saa nane na dakika kumi kengele ikalia. Nilimvisha Mama Ruth koti, Ruth akatufuata nyuma kwa malapa, anaangalia tu kama mkaguzi wa shule. Getini nikasema tumefika.

"Bado," akasema Mama Ruth.

Nikajua nimeshindwa. Nilianza kumvuta mkono kwa upole, jambo ambalo huwa silifanyi, kwa kuwa binti yangu alikuwa akitazama. Ruth hakunitazama mimi. Alichuchumaa chini ya taa ya geti akafungua furushi.

"Baba, kila usiku ni vitu hivi?"

"Kila usiku."

"Sukari kilo moja, haijafunguliwa. Majani ya chai. Na amefunga kitambaa cha kanisa." Akainua uso. "Na wewe unasema anatoroka? Nani anatoroka na majani ya chai? Huyu anaenda kwa mtu."

Miezi yote hiyo, Mama Tabitha, nilikuwa nikizirudisha pakiti zile rafuni kwa mikono yangu. Mimi niliyewacheka kwa sababu ya pakiti zile zile.

"Mama," Ruth akamuuliza, "unaenda kwa nani?"

"Kwa Mama Tabitha," akajibu, kama anayeshangaa swali lenyewe. "Hatujamwambia tumefika."

"Mama Tabitha ni nani?"

Swali hilo Ruth aliniuliza mimi. Hakujua. Nilipomsimulia ule usiku, miaka yote, nilisema tulitoroka. Sikuwahi kusema kwamba kuna mtu aliyetutoa. Nikamwambia hapo hapo getini, yote, hadi sanduku la vitabu. Kiazi alikikumbuka. "Nilidhani alinipa Mama," akasema. Kisha akauliza, "Na hamkumwandikia?"

"Sikuandika."

Mama Ruth alikuwa amechoka kutusikiliza. "Mwambie aandike," alimwambia Ruth, akinionyesha kwa kidevu. "Si yeye ni mwalimu?"

Tulirudi ndani, nikaketi mezani jikoni nikaandika mistari mitatu kwenye karatasi ya daftari. Nikamsomea. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mstari mmoja hakuuridhia, nikaufuta na kuuandika kama alivyotaka. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye furushi kati ya sukari na majani ya chai, akavua kitambaa. Alilala mpaka mama wa maziwa alipogonga geti.

Sitakudanganya kwamba amepona. Bado anaamka, lakini si kila siku. Kengele ikilia nafungua furushi, nachukua ile karatasi, namsomea, naye anatikisa kichwa na kurudi kitandani. Kuna usiku hata karatasi haisaidii, basi tunavaa makoti. Hilo nalo naliweza. Ruth hajataja makao tena. Jumapili ile nilipomsindikiza alisema tu, "Ukichoka utaniambia, na usijifanye shujaa," na tangu hapo Ijumaa usiku kengele ni yake na mimi nalala kama gogo. Anasema akipata likizo atatupandisha huko juu kwa gari lake. Hatujui tutakuta nini. Ukisikia hodi tatu, na mwanamke amesimama nje akisubiri kama mgeni, mfungulie. Na akikuita kwa jina la mtu mwingine, itikia tu.

Sukari na majani ya chai sirudishi tena rafuni. Viko mlangoni, ni vyako. Na hii ndiyo ile mistari mitatu, kama alivyoikubali:

Mama Tabitha, tumefika, sote watatu.
Mtoto hakukohoa hata mara moja, na kiazi alikimaliza.
Asante. Tumechelewa kukwambia.

Jirani yako wa upande wa pili wa pengo,
Baba Ruth